Simpeleki Cheche bustanini ili achoke

Kila anayemwona mbwa wangu Cheche kwa mara ya kwanza hunipa ushauri uleule: mpeleke bustanini, mrushie mpira, mkimbize mpaka achoke, akirudi nyumbani atalala. Wanasema kwa nia njema. Wamemwona akiuzunguka mti mmoja mbio, masikio yamesimama, macho yanasaka kitu kingine cha kukimbilia, wakatuonea huruma sote wawili. Nawashukuru. Ila simpeleki bustanini ili nimchoshe. Nampeleka ajifunze kutulia mahali penye mambo mengi, na kazi hiyo mpira hauiwezi.

Mama yake Cheche ni Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Baba hajulikani, ingawa kwa miguu mirefu aliyomrithisha binti yake, nadhani naye hakuwa wa kulala kutwa. Mbwa hawa wa kuchunga walikuzwa kwenye vilima vya mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na wengi wao leo wana damu ya dume mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 akafa 1901. Wachungaji waliwachagua kizazi baada ya kizazi kwa mambo mawili: pumzi ya kufanya kazi siku nzima kwenye miinuko, na sikio la kumsikiliza mchungaji aliye mbali hata mbwa akiwa katikati ya mbio. Hilo la pili ndilo watu husahau. Ukimpa mbwa wa ukoo huu mbio bila mtu wa kumsikiliza, atajitafutia kazi mwenyewe, na bustanini kazi iliyo karibu ni kuchunga baiskeli, watoto na wanaokimbia kwa mazoezi.

Mpira haumchoshi kwa sababu rahisi: mwili wake unauzoea. Mbio zilizomtosha mwezi uliopita, mwezi huu ni za kupasha misuli tu. Tena kuna ule mhemko. Cheche akifukuza mpira mara nyingi mfululizo, damu inamchemka, na haipoi kwa sababu tu mpira umeingia mfukoni. Anarudi nyumbani akihangaika, anakwenda dirishani, anarudi, anabwekea kivuli cha pazia. Halafu kuna magoti. Kukimbia kasi, kufunga breki ghafla na kugeuka kwa mguu mmoja ni njia mojawapo ya mbwa kukata kano za goti, na jeraha hilo mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Kwa hiyo narusha kidogo, chinichini, uviringike kwenye nyasi badala ya kuurusha angani, kisha nauweka mfukoni.

Na mpira wetu ni wa rangi ya buluu. Macho ya mbwa hutofautisha vizuri buluu na manjano, lakini nyekundu na kijani kwao zinakaribiana, kwa hiyo mpira mwekundu kwenye nyasi humpotea akiwa ameusimamia. Wenye kuuza vitu vya wanyama wanapenda sana nyekundu. Ni rangi inayomvutia mnunuzi.

Kitu kinachomtuliza Cheche ni pua. Mwache mbwa huyu anuse nguzo moja ya taa, utashangaa. Anaikaribia polepole, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, kisha unasikia pumzi zake fupifupi, kama tano kwa sekunde moja. Hewa anayoitoa hupitia kwenye mipasuko ya kando ya tundu za pua, isigongane na harufu mpya inayoingia. Pua yake ina vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100. Yetu sisi ina milioni sita hivi. Kwa hiyo akisimama hapo kwenye nguzo simvuti. Nasimama naye. Anajua ni nani aliyepita asubuhi, dume au jike, mgonjwa au mzima, na kuyachambua yote hayo ni kazi ya kichwa hasa. Baada ya robo saa ya kunusa namwona mabega yameshuka, mkia umelegea. Sijawahi kuyaona hayo baada ya robo saa ya mpira.

Ninao mchezo wetu wa pua. Natawanya vipande vidogo vya kuku aliyechemshwa, kila kimoja kama punje ya maharage, kwenye nyasi ndefu kandokando ya uzio, namwambia, "Tafuta!" Anazunguka kichwa chini mpaka avimalize. Akishaelewa mchezo, naanza kuvificha mahali pagumu zaidi: nyuma ya mzizi, juu ya kisiki, chini ya jani kubwa. Nachagua sehemu safi isiyo na mabaki ya vyakula vya watu, kwa sababu mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuku wangu asimfungulie mlango wa kuokota kila kitu.

Matembezi yenyewe huamuliwa langoni. Tukifika, Cheche anataka kuingia kama maji yaliyofunguliwa bomba. Nasimama. Kamba ikikaza, sisogei wala sisemi. Ikilegea, tunapiga hatua. Akinitazama usoni mwenyewe, bila kuitwa, lango linafunguka. Jambo hili linahitaji muda na linahitaji uvumilivu wa watu walio nyuma yako, kwa hiyo tunakaa kando ya njia, tusimzibie mtu. Kuna siku tulifika langoni, akawa amepandwa sana na mhemko, ndani kuna mechi ya vijana na vuvuzela. Tulikaa nje kwenye nyasi, mbali kidogo, tukatazama watu wakiingia na kutoka mpaka alipolala ubavu, kisha tukarudi nyumbani bila kuingia. Naihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku zetu bora kabisa. Alilala ubavu palipo na vuvuzela!

Tukiingia, simfungui. Natumia kamba ndefu ya mita kumi, imefungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, maana mbwa akifika mwisho wa kamba kwa kasi, shingo ndiyo inayopokea kishindo chote. Navaa glovu, kwa sababu kamba ikipita kiganjani kwa kasi inaunguza. Na siifungi mkononi. Ikibidi kuiachia, iachike. Kamba ndefu inampa Cheche nafasi ya kuchagua aende wapi, nami inanipa haki ya kusema hapana. Bustani nyingi zina kanuni inayotaka mbwa awe amefungwa, isipokuwa sehemu iliyotengwa, na hata pale ambapo kanuni haipo, mimi naifuata.

Neno "njoo" nalilinda sana. Simwiti Cheche kwa neno hilo ili nimwogeshe, nimgombeze au nimfunge kamba twende nyumbani. Nikimwita, akija anapata kitu kizuri, kisha mara nyingi namrudishia kilekile alichokiacha: "Haya, nenda kanuse." Hapo ndipo penye siri. Mbwa akijua kwamba kuitwa kunamaanisha mwisho wa raha, atajifunza kutosikia. Akijua kwamba kuitwa ni kituo kidogo tu njiani, anakuja huku mkia unapunga. Tulianza ndani ya nyumba, tukaenda uani, tukaja bustanini asubuhi pakiwa patupu, ndipo tukafika saa za watu. Siku ambayo kunguru alitua mbele yake, akageuka kunifuata mimi niliyemwita, nilimpa kuku wote aliyebaki mfukoni kwa mpigo mmoja.

Kwa mbali natumia filimbi. Ipo filimbi aliyoibuni mwanasayansi Mwingereza Francis Galton mwaka 1876 ambayo mbwa huisikia na binadamu haisikii, kwa sababu sikio letu huishia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde na la mbwa hufika 45,000 hivi. Yangu ni ya kawaida, inayosikika na kila mtu. Nataka aliyekaa benchi karibu ajue kuwa kuna mtu anamwita mbwa wake na kwamba mbwa huyo ana mwenyewe.

Hapa nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Bustani ya umma ni ya umma. Wapo wanaoogopa mbwa kwa sababu waliwahi kung'atwa, na woga huo uko mwilini, hauondoki kwa kuambiwa. Wapo wanaokwenda kuswali, na mate ya mbwa yakigusa nguo ni najisi inayowalazimu kutwaharisha. Wapo watoto wadogo ambao kimo chao ni kile cha mdomo wa mbwa. Wapo waliokuja kukaa kimya tu. Wote hao wana haki ya bustani sawasawa na mimi, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukutana na Cheche.

Ndiyo maana kuna sentensi moja inayonikera mno: "Usiogope, hana neno!" Utaisikia ikipigiwa kelele kutoka mita hamsini, mbwa anakuja mbio, mwenye mbwa anatembea. Anayeambiwa hivyo ameganda, mkoba ameukumbatia kifuani. Mbwa anaweza kuwa mpole kuliko wote duniani, lakini mtu huyo hana namna ya kulijua hilo, wala si kazi yake kulijua. Mwenye kazi ni mwenye kamba.

Sisi hufanya hivi. Nikiona mtu anakuja njia yetu, nafupisha kamba mapema, natoka njiani hatua kadhaa kwenye nyasi, Cheche anakaa upande wangu ule usio na mtu. Natangulia kusalimu, kwa sababu salamu inamwambia mtu kwamba nimemwona. "Shikamoo mama. Pita tu, nimemshika." Wengi huitika marahaba na kupita, na wengine hupunguza mwendo wakaanza maswali. Kijana mmoja mdogo, amemshika mama yake mkono, aliniuliza, "Anang'ata?" Nikamjibu, "Mbwa yeyote anaweza kung'ata, mwanangu. Ndiyo maana nimemshika." Mama yake alinitazama kwa namna ambayo nilijua nimejibu alivyotaka.

Mtoto akiomba kumgusa, naangalia kwanza kwa mzazi, kisha kwa Cheche. Mzazi akikubali na Cheche akisogea mwenyewe, mtoto anasimama ubavu, haruki wala hainamii kichwani, anamkuna kifuani sekunde tatu, halafu anaondoa mkono. Cheche akisogea tena, anataka zaidi. Akigeuza kichwa pembeni, akijilamba midomo ilhali hakuna chakula, au akipiga miayo palepale, namwambia mtoto, "Leo imetosha, anasema asante." Mbwa husema muda mrefu kabla ya kuunguruma. Kuunguruma ni neno la karibu na mwisho, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuunguruma hujifunza kulipita neno hilo na kwenda moja kwa moja kwenye meno.

Na wanaokimbia kwa mazoezi: kwa mbwa wa kuchunga, mtu anayekimbia ni kondoo aliyetoroka. Tulianza kuwatazama kutoka mbali sana, mbali kiasi kwamba Cheche aliweza kumwona mkimbiaji na bado akala kuku. Kila mkimbiaji akipita, kuku. Pole kwa pole tukasogea. Sasa akisikia viatu vinakuja kasi hugeuka kunitazama mimi. Umbali ndio kipimo: mbwa akikataa kula kitu anachokipenda, mko karibu mno, rudini nyuma.

Kuhusu mbwa wenzake, sitaki kila mbwa awe rafiki yake. Wanapofaa kucheza utaona yule anayeinama mbele, viwiko chini, makalio juu. Huo ni mwaliko. Utaona wakipokezana, anayefukuza anafukuzwa, na wanasimama kidogo kuvuta pumzi. Nikiwa na wasiwasi namshika yule anayefukuza. Aliyekuwa akifukuzwa akirudi kumtafuta, mchezo ni wa wote wawili. Akitoroka kwa furaha ya kuokolewa, nimepata jibu. Mkia peke yake usikuhadae. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona anayempenda mkia huelemea zaidi upande wake wa kulia, na akimwona asiyemwamini huelemea kushoto, kwa hiyo mkia unaopunga unaweza kuwa na habari mbili tofauti kabisa.

Viwanja vya mbwa vilivyozungushiwa uzio si vya zamani sana. Kile cha Ohlone mjini Berkeley, California, kilichofunguliwa mwaka 1979, huhesabiwa kuwa cha kwanza nchini Marekani. Mkiwa na kiwanja cha namna hiyo karibu, kitazameni kwanza mkiwa nje ya uzio. Mbwa wakiwa wengi, hawajuani, na wenye mbwa wamejikusanya pembeni wakitazama simu, sisi hatuingii. Kwa Cheche ni vurugu tupu, na atarudi na tabia ambazo zitanichukua muda mrefu kuzifuta.

Jua nalo. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Ana tezi kidogo tu kwenye nyayo, na joto lake jingi huondoka kwa kutweta. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, na likifika 41 uhai wake uko hatarini. Mbwa mwenye nguvu nyingi ndiye wa kuogopewa zaidi kwa sababu hajui kusimama. Atakimbia huku anaungua. Sisi huenda alfajiri au jua likishapoa. Kabla ya kukanyaga lami naweka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde saba, na nikishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zisipite hapo. Maji nabeba ya kwetu. Dimbwi lililotuama lenye utando wa kijani au buluu hatulisogelei, maana vijidudu vinavyoota humo vinaweza kumuua mbwa ndani ya saa chache. Ukimwona anatweta bila kukoma, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na umpoze kwanza ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kinyesi naokota kila mara, hata kwenye vichaka, hata mvua ikinyesha, hata kama hakuna anayeona. Jiji la New York lililazimisha jambo hili kwa sheria mwaka 1978, na kabla ya hapo watu walibisha kwamba haliwezekani. Sababu yangu ni minyoo. Mayai ya minyoo aina ya Toxocara yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku kadhaa hadi wiki kadhaa udongoni ili yakomae. Ukiokota leo, umeyaondoa kabla hayajawa na madhara. Ukiyaacha, yanaweza kukaa kwenye udongo huo kwa miaka, na mtoto anayechezea mchanga kisha akatia vidole mdomoni anaweza kuugua, hata kupoteza uwezo wa jicho. Nabeba mifuko zaidi ya ninayohitaji na humpa yeyote aliyesahau yake, bila kumkaripia.

Chanjo sitazungumza kwa kirefu, ila bila chanjo bustani isubiri. Mtoto wa mbwa aje bustanini baada ya kumaliza mfululizo wa chanjo, kwa kawaida akiwa na wiki 16 au zaidi, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara kunakoua watoto wa mbwa, hudumu udongoni miezi mingi. Kabla ya hapo mbebe mikononi, aone dunia bila kuikanyaga. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni deni kwa jirani: karibu watu wote wanaopata ugonjwa huo, hadi asilimia 99, huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza mgonjwa karibu kila mara hufa. Mtu akiumwa na mbwa, hata kwa mkwaruzo, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Tunaondoka Cheche akiwa bado anataka kubaki, akili ingali inasikia. Nikisubiri mpaka aanze kuruka na kung'ata kamba, nimechelewa. Karibu na lango tunapunguza mwendo, namwacha anuse uzio mara ya mwisho, ndipo tunatoka.

Nyumbani namkagua kabla hajalala: katikati ya vidole, nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia. Miiba hutoka kwa mkono. Kupe namshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, namvuta taratibu moja kwa moja bila kumminya tumbo, bila mafuta ya taa wala moto, kisha naosha pale alipokuwa. Tarehe naandika kwenye daftari lake, ili akipata homa au akikataa chakula wiki zinazofuata, daktari ajue pa kuanzia.